Ami ameuliza upana wa ubao

Jana Ami alinipigia simu kutoka Amu, kisiwani Lamu. Hakuuliza baridi wala kazi. Alitaka kujua ule ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu basini, niliomsimulia, una upana gani.

Ami yangu ni fundi wa majahazi. Kisukari kilimpokonya mguu wa kulia, na sasa anatembelea kiti cha magurudumu. Nilipokuwa nyumbani mara ya mwisho nilimsindikiza kliniki, ng'ambo ya Mokowe, upande wa bara. Tulifika gatini maji yamekupwa. Wenye kuijua Amu wanajua maana yake: chombo kiko chini kabisa, na ngazi za mwisho zimevaa mwani, zinateleza kama sabuni. Vijana wanne wakambeba juujuu, kiti kikafuata nyuma. Mmoja akateleza kidogo, kofia ya Ami ikaangukia majini. Walikuwa vijana wema, wala hawakutaka senti. Lakini Ami hakusema neno mpaka katikati ya mlango wa bahari. "Nimeunda vyombo vya watu umri wangu wote, mwanangu. Leo napakiwa kama gunia la nazi."

Maneno hayo nimerudi nayo huku Chester, Uingereza.

Kila nikiligusa jambo hili nyumbani naambiwa Amu ni mji wa kale, uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, hauguswi. Basi nami naishi katika mji ulioasisiwa na Warumi karibu miaka elfu mbili iliyopita. Ukuta wake unazunguka kitovu cha mji kwa kilomita tatu hivi, na maduka yake ya ghorofani, yenye baraza ndefu zilizofunikwa, yana asili ya enzi za kati. Ngazi kila upande. Hata hivyo mwaka 2017 Chester ilipewa tuzo ya Umoja wa Ulaya ya miji inayofikika na watu wenye ulemavu, ukiwa mji wa kwanza wa Uingereza kuipata. Na mji wa kwanza kabisa kupewa tuzo hiyo, mwaka 2011, ni Ávila wa Hispania, nao umezungukwa na ukuta na uko kwenye orodha hiyohiyo ya UNESCO. Hapa Chester ukuta haukubomolewa. Penye nafasi pamewekwa mteremko, na mtu wa kiti anapanda kutazama mji kama wengine.

Kitu kimoja kilinichukua mwaka mzima kukiona. Chini ya kisanduku cha kitufe cha kuvukia barabara kuna pia ndogo, mfano wa ile wanayochezea watoto, ukubwa wa ncha ya kidole. Taa ya kuvuka ikiwaka, ile pia inazunguka. Asiyeona anaishika tu, anajua wakati wake umefika, hana haja ya kumuuliza mtu. Nilisimama pale nikaishika, nikamkumbuka Ami.

Vichochoro vyetu vya Mkomani, mtaa wa kale wa Amu, ambako punda mwenye mzigo akipita unajibanza dakani, havitapanuka, wala sidhani kuna anayedai hivyo. Nadai gati. Gati si nyumba ya mawe na boriti ya mababu. Nadai pia milango ya ofisi na vituo vya afya vilivyojengwa juzi kwa saruji, vikawekewa ngazi tatu bila mteremko, ilhali Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia vyombo vya usafiri vya umma.

Nilimweleza Ami jinsi basi linavyojishusha upande wa mlango, dereva akakunjua ubao mpaka ukingo wa njia. Akanyamaza. Nikasikia anakwaruza penseli.

"Basi halina maji kupwa na maji kujaa," akasema. "Huku utataka chelezo cha mapipa kinachopanda na kushuka na maji, kisha ubao juu yake wenye bawaba upande wa gati. Uwe na vijiti vya kuzuia magurudumu kuteleza. Nipimie upana, na urefu wake."

Kesho baada ya kazi nakwenda kituo cha mabasi na futikamba.