Siku moja na mkalimani wa kliniki ya urembo, Gangnam

Saa 1:15 asubuhi

Nikishafungua macho, cha kwanza ni ratiba kwenye simu. Leo imejaa: taya, taya, kope, pua, kidevu, taya tena.

Mimi ni mkalimani katika kliniki ya ngozi na urembo hapa Gangnam, Seoul. Nilikuja Korea Kusini kusoma, nikabaki, na sasa kazi yangu ni kukaa kati ya daktari anayesema Kikorea na mgonjwa anayesema Kiingereza. Wagonjwa wangu wengi ni Waasia kutoka nje: Singapore, Malaysia, Ufilipino, na Wakorea waliozaliwa Marekani. Ndugu zangu Tanga huniuliza kila mara siku nzima nafanya nini hasa, basi leo nawaandikia. Habari za wagonjwa nimezibadilisha kidogo ili mtu asijulikane.

Saa 2:30 asubuhi

Naishi Bongcheon, upande ambao kodi ya chumba inabebeka, na treni ya laini ya 2 hunifikisha kituo cha Gangnam bila kubadilisha. Pale Sadang abiria huingia hadi pumzi zinabana. Ukitoka nje kituoni, tazama juu tu: jengo moja lina mabango ya kliniki kadhaa yaliyopandana, ngozi, meno, macho, pua. Mwaka 2023 wagonjwa wa kigeni waliotibiwa nchi hii walikuwa kama laki 6. Mwaka 2024 walipita milioni 1, na idara ya ngozi ndiyo iliyopokea wengi zaidi. Wengi ninaowapokea mimi hawaji kupasuliwa. Wanakuja kuchomwa sindano mchana, jioni wako madukani Myeongdong.

Saa 3:30 asubuhi

Kikao kifupi. Daktari mkuu, ambaye sote tunamwita wonjangnim, anapitia majina. Nesi anafungua friji na kuhesabu chupa za hialuronidezi, kimeng'enya kinachoyeyusha fila ya asidi ya hialuroniki, yaani jeli inayodungwa chini ya ngozi kujaza au kuinua sehemu ya uso. Zikipungua, hakuna pua inayoguswa siku hiyo. Nilipoanza kazi niliona ni utaratibu wa kawaida tu. Siku hizi hata mimi nachungulia friji.

Saa 4:00 asubuhi

Wa kwanza ni dada wa Singapore, anataka uso wake wa mraba uwe mwembamba chini. Wonjangnim anavuta kiti, anamwekea vidole kwenye pembe za taya, halafu anasema: uma meno. Natafsiri. Legeza. Natafsiri. Uma tena. Kila akiuma, kitu kigumu kama kiazi kibichi kinainuka chini ya vidole vya daktari, na dada mwenyewe anashika kwa mkono wake ili akisikie.

Kwenye taya, jambo zima liko hapo. Upana wa uso wa chini unaweza kuwa mfupa, unaweza kuwa mafuta, unaweza kuwa msuli wa kutafunia. Botoksi, dawa ya sindano tunayotumia hapa, inadhoofisha msuli peke yake. Mwenye mfupa mpana akichomwa, pesa zinaondoka na taya linabaki lilivyo, tena mashavu yanaweza kubonyea akaonekana mzee kuliko umri wake. Huyu ni msuli. Anafaa.

Daktari anachukua kalamu nyeupe, anachora mstari kutoka chini ya sikio hadi pembe ya mdomo. Sindano zote zitakaa chini ya mstari huo, tena mbali na ukingo wa mbele wa msuli, kwa sababu mbele yake kuna kijisuli kinachovuta mdomo tunapotabasamu. Dawa ikikifikia hicho, tabasamu linapinda, na hakuna dawa ya kulirudisha zaidi ya kusubiri. Yuniti 25 kila upande. Kazi yenyewe inaisha kabla krimu ya ganzi haijakauka vizuri pembeni.

Anauliza kama dawa ya Kikorea ni salama kama ya Marekani. Namweleza lililo kwenye kumbukumbu: Nabota, moja ya botoksi zinazotengenezwa hapa, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 na huuzwa huko kwa jina la Jeuveau. Kisha namwambia asitegemee kuona kitu kesho. Baada ya wiki 2 hivi atasikia kutafuna kumelegea, umbo litaonekana mwezi wa kwanza hadi wa pili, na baada ya miezi kama 6 msuli utaanza kurudi. Bigijii aache, na ngisi mkavu anaouzwa kila duka hapa aache pia. Msuli unaotafuna vitu vigumu kutwa nzima unanenepa.

Saa 5:30 asubuhi

Mama na binti wa miaka 17, Wakorea wa California. Hapa Korea familia nyingi humpa mtoto zawadi ya kutengenezewa mkunjo wa kope, ule mstari unaoikunja kope ya juu jicho likiwa wazi, akishamaliza mtihani wa kuingia chuo mwezi wa 11, na mama anataka binti yake apate kabla hawajapanda ndege. Amesoma tangazo linalosema "bila kupasua".

Wonjangnim anamjibu kwa upole, nami nashika upole huohuo. Njia hiyo haina kisu kirefu, kweli, lakini uzi unapitishwa ndani ya kope na kufungwa ukae humo. Ni upasuaji, na sisi hatuufanyi. Kisichohitaji upasuaji kwenye kope ni utepe mwembamba au gundi inayobandikwa asubuhi na kubanduliwa usiku, na wasichana wa shule wa Seoul wanaujua kuliko daktari yeyote. Anawaonya kwamba gundi ikitumika kila siku ngozi inawasha, na kuvutavuta kope miaka na miaka kunailegeza.

Binti yuko kimya. Namuuliza kwa Kiingereza, nikimtazama yeye na si mama yake: wewe unataka nini? Anasema anayapenda macho yake, ni ya bibi yake. Namtafsiria wonjangnim neno kwa neno, naye anafunga faili. Wameondoka bila kulipa kitu, na nimefurahi.

Nyumbani watu huniambia Wakorea wanajibadilisha wawe Wazungu. Siamini hivyo, na nasema kwa kuwa nawaona kila siku. Taya lenye pembe kali Marekani linasifiwa, hapa watu wanalipa lilainike. Uvimbe mdogo chini ya jicho huko unaondolewa, hapa unaitwa aegyo-sal na watu wanauongeza kwa tone la fila, kwa sababu unatokea mtu anapocheka na unampa sura ya ujana. Mkunjo wa kope wenyewe Waasia wengi wanazaliwa nao. Upasuaji wake ulielezwa Japani na daktari Mikamo mwaka 1896, zaidi ya nusu karne kabla ya Ralph Millard, daktari wa jeshi la Marekani, kuufanya hapa Korea baada ya vita. Huyo Millard kweli aliandika kana kwamba anawageuza watu wafanane na Wamarekani, na maneno yake yaliacha doa. Lakini mgonjwa wangu haji na picha ya Mzungu. Anakuja na picha ya mwigizaji wa Kikorea, au picha yake mwenyewe aliyoipitisha kwenye programu ya simu. Hiyo ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi, maana ule uso haupo popote duniani.

Saa 7:30 mchana

Supu ya maharage na wali, haraka. Simu mezani.

Saa 8:30 mchana

Kaka kutoka Manila anataka mwamba wa pua uinuliwe kwa fila. Amejaza fomu, amekaa, amepakwa krimu. Wonjangnim anapitisha kidole juu ya pua yake na kusimama. "Muulize kama kuna kitu ndani." Kipo: silikoni iliyowekwa kwa upasuaji miaka ya nyuma. Hakuiandika kwa sababu aliona haihusiki.

Jibu ni hapana. Pua iliyowahi kupasuliwa mishipa yake imeshahama na makovu yameishika, daktari hawezi tena kujua damu inapita wapi. Kaka anakasirika. Anasema kliniki ya mtaa wa pili itamfanyia. Naitafsiri hasira yake yote, bila kuipunguza, na jibu la wonjangnim nalo bila kulipunguza: inawezekana watakufanyia, mimi sitakufanyia.

Saa 10:15 alasiri

Simu ya mapokezi. Mwanamke analia kwa Kiingereza. Jana jioni alichomwa fila ya pua mahali pengine, usiku maumivu yakazidi, na leo ncha ya pua imebadilika rangi. Alikofanyiwa wamemwambia ni uvimbe wa kawaida, aweke barafu.

Wonjangnim ananiambia swali la kwanza liwe la macho. Unaona vizuri kwa jicho la kulia? La kushoto? Moja moja, funga jingine. Anaona. Basi apande teksi sasa hivi, barafu aiondoe.

Niwaeleze kwa nini macho. Mishipa midogo ya pua na ya katikati ya nyusi imeungana na mshipa unaolisha jicho. Fila ikiingia ndani ya mshipa, inaweza kusukumwa kurudi nyuma hadi humo, na jicho likikosa damu linabaki na dakika tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya visa 98 vya watu walioathirika uwezo wa kuona baada ya kudungwa fila au mafuta usoni. Katikati ya nyusi paliongoza, pua ikafuata. Ni nadra ukilinganisha na idadi ya sindano zinazochomwa duniani. Lakini mwamba mfupi wa pua ndio Waasia wengi huja kuuinua, kwa hiyo sindano nyingi zinaingia palepale penye hatari.

Anapofika, namwona: ncha ya pua hadi ubavuni ina madoa ya zambarau yaliyosukana wavuwavu, na katikati pamepauka. Wonjangnim anabonyeza kwa kidole, anaachia, anahesabu. Rangi inachelewa kurudi. Anauliza aina ya fila. Hajui. Anauliza kama amewahi kuvimba mwili kwa kuumwa na nyuki, kwa sababu hialuronidezi iko pia kwenye sumu ya nyuki na anayedhurika na hiyo anaweza kudhurika na hii. Hapana.

Anachomwa hialuronidezi eneo lote, anakandwa, anawekewa kitambaa cha moto. Tunasubiri. Baada ya saa moja anachomwa tena. Muda wote nimemshika mkono, namweleza kila hatua kabla haijafanyika. Ananisimulia kwamba jana hakukuwa na mkalimani. Walizungumza kwa programu ya simu, na akasaini karatasi ya Kikorea ambayo hakuisoma. Hatari ziliandikwa humo, bila shaka. Hakuna aliyemsomea.

Hilo linaniuma kuliko sindano yenyewe. Karatasi ya ridhaa isiyoeleweka si ridhaa. Kuchomwa kulichukua dakika chache, kwa hiyo kila mtu akaona na kueleza kuchukue dakika chache.

Kwenye raundi ya tatu pua inaanza kuwa ya waridi. Wonjangnim anabonyeza, anaachia, rangi inarudi palepale. Atatumia dawa, na kesho saa 4 atarudi kukaguliwa. Nimeomba nipangiwe mimi.

Saa 2:10 usiku

Niko kwenye treni, nimepata kiti. Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, ameniandikia kutoka Dar es Salaam: "Shikamoo dada. Kuna mtu saluni anaweka fila ya pua, yuko bei poa. Naomba ushauri."

Namtumia maswali aende nayo. Huyo mtu ni daktari? Fila ni ya aina gani, na boksi utaliona likifunguliwa mbele yako? Anayo hialuronidezi hapohapo, si ya kuagiza? Akikuona unapauka pua atafanya nini, na daktari wa macho yuko umbali gani?

Anajibu tukiwa tunafika Sadang. "Dada, nimempigia. Anasema dawa ni ya Korea, nisiwe na wasiwasi. Hayo mengine hayajui."

Nimemwandikia asimruhusu amguse, na nitampigia nikifika.