Daftari la ubatizo

Masasi, Jumapili usiku

Leo baada ya ibada mama mmoja alinivuta nyuma ya ofisi ya kanisa. Mwanawe yumo kwenye orodha ya ubatizo wa Pasaka. "Dada, pale pa mahali alipozaliwa, niandikie Masasi tu." Mtoto alizaliwa Palma, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Wamakonde kwa Wamakonde tunaelewana, na hakuwa na haja ya kunieleza zaidi.

Mimi ndiye ninayetunza daftari, na najua kwa nini ombi dogo vile linasemwa kwa kunong'ona. Mzazi aliyechelewa kumwandikisha mtoto, cheti cha ubatizo ni kimoja cha viambatanisho ambavyo RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, hupokea. Ukipata cheti cha kuzaliwa, njia ya NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, imefunguka. Nikampelekea padri. Hakukawia: mtoto abatizwe, na paandikwe Palma. Mama akaitikia, "Haya, baba," akaondoka bila kubishana.

Naona padri alikuwa sahihi. Ila ni rahisi kwetu kuwa sahihi, sote wawili tuna vitambulisho mfukoni.

Mama huyu hapalilii mikorosho ya watu kwa kupenda. Palma ilishambuliwa Machi 2021, na Juni mwaka huo UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilitoa taarifa kwamba zaidi ya watu 9,600 walikuwa wamerudishwa Msumbiji mwaka ule kupitia kituo cha mpakani cha Negomano, wakiwamo walioomba hifadhi. Waliobaki huku wamebaki kwa ndugu, mashambani, na makanisani Jumapili. Akina mama wetu huwapa unga, mbaazi na nguo za watoto. Hakuna anayeandika popote.

Hapo ndipo mimi ninapokwama. Sheria yetu ya uhamiaji ya 1995 inamhesabu mkosaji hata anayemficha mtu asiye na kibali. Mzee mmoja wa kanisa kila mara anatukumbusha Kitaya, kijiji chetu cha mpakani kilichovamiwa Oktoba 2020. Simcheki. Watu walikufa pale, na hofu yake ina msingi. Lakini kutokana na hofu hiyo anataka tudai kitambulisho kabla ya kumpa mtu kikombe cha unga, na hilo silikubali. Kukagua makaratasi kuna watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Kinachonisumbua zaidi ni huku kujificha kwetu. Kule Tucson, Arizona, mwaka 1982, kanisa la Southside Presbyterian la mchungaji John Fife lilipoamua kuwapokea watu waliokimbia vita vya El Salvador na Guatemala, lilitangaza hadharani, na barua ikaandikwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani. Walilipia: mwaka 1986 Fife na wenzake kadhaa walitiwa hatiani, ingawa hawakufungwa gerezani. Na mwaka 2011, Alabama ilipopitisha sheria iliyofanya kosa kumhifadhi au hata kumbeba kwenye gari mtu asiye na kibali, maaskofu wa Kianglikana, Kimethodisti na Kikatoliki walikwenda mahakamani kwa majina yao kabla haijaanza kutumika. Jaji akavizuia vifungu hivyo. Hawakusubiri mhudumu wao akamatwe barabarani ndipo watafute wakili.

Sisi hata hatuna sababu ya kuona jambo hili geni. Askofu Edward Steere alipofika hapa mwaka 1876 alikuwa na watu waliokombolewa utumwani, wametoka Unguja wakielekea upande wa Ziwa Nyasa, wakakomea Masasi. Waumini wa kwanza wa misheni hii ni watu wa kuja. (Mzee wetu huyo, nikimsikiliza vizuri, babu yake mzaa mama naye alivuka Ruvuma.) Na wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, wakimbizi walipopewa makazi Rutamba kule Lindi, shirika la Kilutheri la TCRS, lililoanzishwa 1964, lilifanya kazi hiyo pamoja na serikali na UNHCR, mchana kweupe. Msaada ni uleule, mto ni uleule.

Jumamosi tuna kikao cha baraza la kanisa. Nitaomba unga na mbaazi viingie kwenye kitabu cha sadaka kama msaada mwingine wowote: kiasi kilichotoka, tarehe, aliyegawa. Majina ya waliopokea hapana. Nitaomba pia padri aende kwa mwenyekiti wa mtaa amweleze tunachofanya, kabla hajaelezwa na mtu mwingine. Mzee atapinga, na mweka hazina pengine atamuunga mkono.

Na yule mama nimemwambia aje Jumatano, tukae na padri tuone kama kuna namna ya kuomba hifadhi bila kuanza kwa kurudishwa. Hakuniahidi kuja.