Kisima kimetakata, ila kwanza niliponea bafuni

Tangu masika yaliyopita watu wa mtaani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, wananigongea mlango kuniuliza: "Mama, ile klorini ya kisimani ulitia vijiko vingapi?" Huwa nawakaribisha wakae kitako kwanza, maana swali la vijiko ndilo la mwisho, na mwenye kuanza nalo bado hajajua anacheza na kitu gani.

Nyumba yetu ina vyumba sita, vitano nimepangisha, na katikati ya ua kuna kisima alichochimba marehemu baba. Maji ya bomba yapo, lakini kisima ndicho kinachotuogesha na kutufulia, na bomba likikatika ndicho kinachotuokoa. Yale masika mvua ilipiga usiku tatu mfululizo. Shimo la choo la nyumba ya nyuma likafurika, uchafu ukapita uani mwetu ukakizunguka kisima. Asubuhi tukateka maji ya rangi ya chai. Wiki ile ile watoto wawili wa mpangaji wangu wakaharisha, mmoja akatundikiwa dripu. Nikasema basi, hapa nyumba nzima itasafishwa, kuanzia bafu mpaka kisima.

Bafu ndilo lililotaka kuniondoa duniani.

Maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo, kama visima vingi vya huku pwani, na kwa miaka yameacha ukoko mgumu juu ya vigae. Fundi mmoja wa vigae aliyekuwa akipita akaniambia, kwa uhakika wote wa mtu anayejua kazi yake: "Dada, chukua jiki, chukua ile asidi ya kuoshea vyoo, changanya nusu kwa nusu. Ukoko unang'oka na vijidudu vinakufa kwa pamoja." Ikaniingia akilini. Kama hiki kinasafisha na kile kinasafisha, vikiwa pamoja si ndiyo zaidi? Jiki nilikuwa nayo. Asidi nilinunua kwa muuzaji wa mtaani, anaiweka kwenye chupa za maji ya kunywa zilizokwisha kutumika, bila karatasi wala maandishi yoyote. Na hilo peke yake ni hatari, maana mtoto mwenye kiu hawezi kutofautisha.

Nikaingia bafuni, nikafunga mlango ili mtoto wa mpangaji asinifuate. Nikamimina jiki kwenye ndoo, kisha asidi juu yake. Ndoo ikachemka bila moto. Povu likapanda, na juu ya povu ukatoka moshi wa kimanjano unaokaribia ukijani. Haukupaa kama moshi wa kuni. Ulimwagika kwenye ukingo wa ndoo ukatambaa sakafuni, ukanipanda miguuni. Kabla sijafikiri lolote nilikuwa nimeshavuta pumzi moja, na ile pumzi moja ilinitosha. Koo lilifunga kama nimekabwa, kifua kikawa moto, macho yakajaa machozi hata kitasa sikukiona. Nilipapasa ukuta mpaka nikakipata. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa wima. Ningekuwa nimepiga magoti nasugua, nadhani wangenitoa wengine.

Nilipotoka, moshi nao ukapita chini ya mlango kunifuata, na pale ukumbini, juu ya mkeka, alikaa mtoto mdogo anayetambaa. Nilimbeba huku nakohoa, tukatokea uani. Mpaka leo nikiukumbuka ule mkeka mwili unanisisimka.

Sasa sikiliza ushauri niliopewa pale uani. Mmoja akaja na maziwa, kwamba yanakata sumu. Mwingine akasema nilazwe chini nipumzike, ndani, kitandani. Wa tatu akataka nijifukize kwa mvuke wa mchaichai. Mwingine alikwishaanza kuelekea bafuni ili akaitoe ile ndoo! Wote walinitakia heri, najua, na hakuna hata mmoja aliyekuwa sahihi. Maziwa yanashuka tumboni, na mimi nilichoumizwa ni mapafu. Hewa ya klorini ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kama mara mbili na nusu, kwa hiyo kumlaza mtu sakafuni karibu na pale ni kumrudisha kwenye sumu. Aliyejua ni kijana mpangaji wangu anayefanya kazi kiwandani. Alinitoa mpaka barabarani, akanikalisha wima upande upepo unakotokea, akawaomba akina mama wanivue lile dera lililorukiwa wanifunge kanga, akanimiminia maji safi machoni robo saa nzima kwa kutazama simu yake. Ndoo akaagiza isiguswe: milango na madirisha yafunguliwe, watu wote watoke, mpaka jioni.

Nikapandishwa bajaji kwenda hospitali. Nilipoanza kupata nafuu nikataka kurudi nyumbani, muuguzi akanikatalia. Akasema hewa hii ina hila: mtu anaona amepona, kisha baada ya saa kadhaa mapafu yanajaa maji. Nikakaa hapo hadi usiku. Kwa hiyo ukimwona aliyevuta hewa hiyo anasema "niko sawa", usimwachie alale peke yake.

Jiki ni klorini iliyofungwa ndani ya maji yenye magadi. Ukiitia asidi unaikata ile kamba, klorini inatoka ikiwa hewa, hewa ile ile wanajeshi wa Kijerumani waliyowaachilia adui zao vitani huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Na asidi si ile ya chupa tu. Siki ni asidi, ndimu ni asidi, na wako wanaokamulia ndimu kwenye jiki eti kukata harufu. Jiki na sabuni zenye amonia nazo zinatoa hewa mbaya ya aina nyingine, na mkojo uliokaa unatengeneza amonia, ndiyo maana ukimwaga jiki ya moja kwa moja kwenye choo kilichotuama mkojo unasikia macho yanawasha. Mwaga maji mengi kwanza.

Baada ya wiki mbili nilirudi kwenye kisima, na safari hii nilimfuata bwana afya wa kata, sikumsubiri mpita njia. Akaniambia kwa kisima ninunue klorini ya unga, ile ya mabwawa ya kuogelea, iliyoandikwa asilimia 70. Bei sikumbuki vizuri, kilo ilikuwa elfu kumi na kitu. Muuzaji alikuwa na pipa kubwa, akataka kunichotea kwenye kopo tupu la mafuta ya kupikia. Nikamkatalia. Unga huu ukikutana na mafuta, iwe ya kula, ya taa au ya breki, unaweza kupata joto wenyewe hadi ukashika moto bila kiberiti. Nilikwenda na kopo langu la plastiki, kavu, jipya, lenye kifuniko. Na mwenye duka la mtaani kwetu, nilikokwenda baadaye kuupima, Mungu ambariki, alitaka kunipimia kwenye kisahani cha mizani anachopimia sukari. Nalo nikalikataa, nikaweka kopo langu moja kwa moja juu ya mizani.

Bwana afya alinifundisha hesabu, na nilifurahi kuliko mtoto wa shule. Kisima chetu kina upana wa mita 1.2. Nilishusha kamba yenye jiwe, sehemu iliyolowa ikawa mita 3. Hiyo ni kama lita 3,400. Kila lita inatakiwa ipate miligramu 50 za klorini, jumla gramu 170, lakini kwa kuwa unga ni klorini kwa asilimia 70 tu, unahitaji gramu 240 na ushei. Ndiyo maana jibu la vijiko vyangu halitakufaa wewe mwenye kisima cha mita 6.

Na hapo nilikosea mara ya pili, ingawa kosa hili halikumuumiza mtu. Nilitia dawa bila kutoa tope. Kesho yake nikanusa ndoo: hakuna harufu hata kidogo. Tope na majani yalikuwa yameila klorini yote. Ikabidi fundi wa visima ateke maji mpaka chini, atoe tope, kuta zisuguliwe kwa fagio la chelewa, kisha tungoje maji yapande tena ndipo nipime upya. Fundi huyo alitaka tumwage dawa kwanza halafu ashuke kusugua, ili "isugue yenyewe". Nikamwambia kaka yangu, mimi nimeionja hiyo hewa bafuni nikiwa na mlango wa kukimbilia. Wewe huko chini utakimbilia wapi? Mtu ashuke kabla ya dawa. Ikishamwagwa, hashuki mtu.

Siku ya dawa nilivaa gambuti, glovu za mpira na miwani ya mafundi wa kuchomelea. Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi la unga, hewa haiizuii, usijidanganye nayo. Kusi ilikuwa imeanza kuvuma, nikaipa mgongo. Ndoo ya plastiki, maji kwanza, kisha unga kidogo kidogo huku nakoroga kwa mti mkavu. Wengi wanafanya kinyume, wanamwagia unga maji, na unga unapata joto na kuruka machoni. Nikaacha chokaa iliyomo kwenye unga itue chini, nikachukua yale maji maangavu ya juu nikayamwagia kuta za kisima kwa kuzungusha, yaliyobaki ndani. Halafu nikashusha ndoo tupu yenye kamba na kuipandisha, juu chini, juu chini, kama mara hamsini, mpaka mikono ikafa ganzi. Hiyo ndiyo siri ambayo watu hawaisemi: dawa isipochanganywa inabaki juu.

Nikafunga kifuniko kwa kufuli. Wapangaji walinung'unika, wakanunua maji ya madumu siku mbili. Asubuhi ya pili nilifungua, na harufu ya klorini ilikuwepo. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Tukateka na kumwaga, mbali na michicha yangu, mpaka harufu ikaisha. Ya kunywa bado tunayachemsha, au tunatia kidonge cha dawa ya maji na kungoja nusu saa, kwa sababu shimo la nyumba ya nyuma bado lipo palepale.

Unga uliobaki nimeuweka kwenye kopo lake, juu ya rafu ya mbao karibu na chumba cha kufulia, kivulini, pakavu. Kwanza niliuweka stoo, nikakuta ndani ya miezi miwili bawaba za mlango na misumari yote imeota kutu. Shemeji yangu mwenye gereji alitaka nafasi ya kuhifadhi dumu la mafuta ya breki hapo hapo rafuni. Hakupata.

Juzi amehamia mpangaji mpya, binti wa watu, mpole. Katika mizigo yake kulikuwa na chupa ya jiki na chupa ya maji yenye asidi ya choo, zimefungwa pamoja kwenye mfuko mmoja wa rambo. Sikumgombeza. Nilizitenga, ya asidi nikaibandikia karatasi yenye maandishi makubwa na kuifungia kabatini upande wa pili wa ua, kisha nikamkalisha pale pale ukumbini, karibu na ulipokuwa ule mkeka, nikamsimulia.