Ulikuwa unampa ngapi?

Ni saa tano usiku, Mama Neema ameshalala, na mimi bado niko na swali la yule kijana. Tangu Jumatatu limekaa kama mwiba wa sato kooni. Nimelisukuma kwa matonge, halishuki.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo mazito: shemeji ametoka hospitali ya Bugando akitembea mwenyewe, na Jumatano watu wa Sengerema wameleta barua ya posa ya Neema (wamepita darajani, siku hizi hakuna tena kisingizio cha foleni ya kivuko). Mungu ashukuriwe, nitayaandika siku nyingine. Nikibaki peke yangu nasikia lile swali tu.

Ni yule kijana wa mtaa wa juu, yule ninayewaambiaga anaimba. Alikuja kutoa kopi. Mashine inapata moto, yeye macho yanazunguka dukani, akakiona kile kiboksi juu ya kabati chenye kanda saba zilizonibakia.

"Anko, hizi ndizo kanda zenyewe?"

"Ndizo. Nilikuwa na kibanda cha kurekodia watu nyimbo Kirumba, jirani na uwanja, tangu 1991. Enzi zetu watu walikuwa wananunua nyimbo, sio nyie mnaosikiliza bure."

Nilisema kwa majivuno kidogo, nakiri. Akachukua moja, akaigeuza upande wa pili, akaingiza kidole cha mwisho kwenye kile kitundu chenye meno, akazungusha. Kisha akauliza, taratibu kabisa:

"Sasa mwenye wimbo ulikuwa unampa ngapi?"

Nikamjibu: "Kopi tano, mia tano."

Basi. Akalipa, akaaga vizuri, akaondoka. Angeuliza kwa kejeli ningemfokea na ningelala usingizi wangu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua bei ya sukari.

Tangu hapo natunga majibu. Jibu la kwanza nililipata saa ileile, kijana hajavuka barabara: wakati ule hakuna aliyewaza mambo hayo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki yenyewe imekuja 1999. Jibu zuri, ila lina tobo. Mimi 1999 sikufunga kibanda. Niliendelea mpaka 2005, na kilichonifungisha sio sheria.

Jibu la pili ndilo ninalolipenda, nimelirudia hata bafuni. Ningemwambia: mwanangu, ile ilikuwa kazi. Mtu alikuja na karatasi ya daftari imeandikwa nyimbo zake kumi, nyingine hajui jina, anakuimbia kipande mbele za watu. Kanda ya C60 ina dakika thelathini kila upande. Wimbo mmoja wa dansi unaweza kula dakika saba, kwa hiyo nyimbo nne unabaki na dakika mbili, na mteja hataki wimbo ukatike kanda inapoisha. Unapanga, unapangua, unamtafutia wimbo mfupi wa kuziba. Kichwa cha deki unakipangusa kwa pamba na spiriti kila asubuhi, la sivyo sauti inakuwa kama mtu anaimba ndani ya gunia. Ukimaliza unavunja vile vijino viwili vya juu ili mtu asije akarekodi kelele za watoto juu ya kazi yako. Wavuvi wa kambini walichukua kanda mbilimbili za nyimbo zilezile, maana mchanga na unyevu wa ziwa haviiachi kanda imalize mwaka. Redio zao zilikuwa za mawe, na mawe yakichoka wanayaanika juani yapate jioni moja zaidi.

Nikifika hapo huwa nimeshajisahau, natabasamu peke yangu. Halafu namwona kijana ananisikiliza kwa adabu, anaitikia kwa kichwa, anasema: sawa anko, nimekuelewa. Na mwenye wimbo?

Kilichonifungisha mnakijua. Wajerumani wa taasisi ya Fraunhofer walipata namna ya kuubana wimbo ubaki kama sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, na hilo jina la mp3 walilichagua 1995, mwaka uleule mimi nimenunua deki ya pili najiona nimeula. Ikaja CD moja yenye nyimbo mia na hamsini. Nikajifunza kuchoma CD. Zikaja memori kadi, nikawa nawajazia watu kwenye simu kwa buku. Kisha wakaanza kurushiana wenyewe, sasa hivi ni bando tu. Kufa kwa biashara nilishakuzoea. Kilichoniuma kipindi kile ni neno moja. Mtu anakupa kadi, unamuuliza nikuwekee nyimbo gani, anasema, "Jaza tu." Miaka kumi na nne watu wananiletea karatasi, ghafla ni jaza tu.

Juzi ndipo nimekaa nikamfikiria yeye mwenyewe kijana, badala ya majibu yangu. YouTube hawakupi hela ya matangazo mpaka uwe na wafuatiliaji 1,000, na watu wawe wametazama video zako za kawaida saa 4,000 ndani ya mwaka, au zile fupi mara milioni kumi ndani ya siku 90. Yeye ana wafuatiliaji 312, aliniambia wakati ule anachapisha zile karatasi za kubandika kwenye nguzo. Nyimbo zake ziko kwenye simu za nusu ya bodaboda wa hapa, nazisikia zikipita. Kwa hiyo hakuwa ananisuta. Alikuwa anapiga hesabu yake, akidhani huenda zamani palikuwa na jibu.

Na hapa lazima niseme kitu. Mnaikumbuka hadithi yangu ya yule mwanamuziki wa bendi aliyekuja kibandani mchana kabla ya dansi, akaomba nimrekodie wimbo aliouimba yeye mwenyewe kwa sababu hakuwa nao? Walirekodi Radio Tanzania, kanda ikabaki huko. Niliiandika hapa, mkacheka sana, na mimi nimeisimulia kwenye harusi na misiba. Huwa naishia pale ninapomwambia, "Mzee, wewe nakupunguzia."

Nilimpunguzia. Yaani nilimtoza.

Jana usiku nikaishusha deki. Mkanda wa ndani umelegea, nikaukaza kwa mpira wa kufungia noti, nikapangusa kichwa. Nikaweka kanda ya kwanza iliyokuja mkononi, mwandiko wangu mwenyewe, wino wa bluu umefifia. Ilianza kwa kujivuta kama mtu anayeamshwa, kisha ikakaa sawa. Mama Neema alikuwa anachambua dagaa, hakunyanyua hata kichwa. Wimbo wa kwanza ukaisha, ukabaki ule ukimya wenye mvumo, sekunde tatu nne, na kabla wa pili haujaanza nikamsikia yeye ameshauanza, kwa sauti ileile utakayoanzia. Wala hajui kama ameimba. Nyimbo hizo mbili ni za bendi mbili tofauti, hazina uhusiano wowote. Zilifuatana kwa sababu mimi nilizipanga hivyo, kwenye kanda hii moja, nikimrekodia msichana wa Pasiansi ambaye nilikataa hela yake.

Neema akatoka chumbani: "Mama, umejuaje unaofuata?" Mama yake akamwangalia kama ameulizwa kwa nini asubuhi inafuata usiku. Tulisikiliza mpaka upande wa pili ukaisha, dagaa zimekwisha zamani, nikageuza tena. Sijafurahi hivyo siku nyingi.

Kijana sijamjibu. Kesho akija kopi zake sitamtoza, ingawa najua hesabu hizo haziendi hivyo.

Kitu kingine. Ijumaa walipita vijana wawili na futi kamba, wakapima kutoka katikati ya barabara mpaka ngazi ya tatu ya duka langu, wakaandika, hawakusalimia. Na mwenye nyumba, ambaye hajawahi kuchelewesha kudai kodi hata siku moja, mwezi huu hajaja.