Asubuhi ndipo misuli ya mzee hukaa na njaa

Mzee anayetembea kilomita tano kila siku bado anaweza kuwa anapoteza misuli. Matembezi huimarisha moyo na pumzi, lakini mapaja huyapa kazi ndogo mno. Tena hata mapaja yakipewa kazi ya kutosha, hayajengeki bila protini, na protini ndiyo inayokosekana kwenye sahani ya asubuhi ya wazee wengi: chai na mkate, basi. Hapo kuna gramu sita au saba tu.

Kijana akila gramu 20 za protini kwa mlo mmoja, misuli yake huitika vizuri. Uzeeni misuli husikia kwa shida, na mwito mdogo huupuuza. Inahitaji takribani gramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito katika mlo mmoja, yaani gramu 28 kwa mtu wa kilo 70. Kinachoiamsha zaidi ni asidi amino, yaani kijenzi cha protini, iitwayo liusini, ambayo imo kwa wingi kwenye maziwa, mayai, nyama na samaki.

Kwa siku nzima, kiwango cha gramu 0.8 kwa kilo kinachotajwa kwa watu wazima wote ni kidogo kwa mzee. Wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza 1.0 hadi 1.2, na anayefanya mazoezi asishuke chini ya 1.2. Mtu wetu wa kilo 70, akifanya mazoezi, anahitaji basi gramu 84. Jumla hiyo ndiyo ya kwanza kuitimiza. Ukishaifikia, igawe katika milo mitatu badala ya kuirundika yote kwenye nyama ya usiku, kwa sababu mwili hauna ghala la protini kama ulivyo na ghala la mafuta.

Hapa watu wengi hukosea hesabu: gramu 28 za protini si gramu 28 za nyama. Kuku aliyepikwa, bila mifupa, hutoa takribani gramu 30 kwa kila gramu 100. Yai moja hutoa sita, glasi ya maziwa ya mililita 250 nane, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, na karanga gramu 30 hutoa saba. Asubuhi, basi, mayai mawili, glasi ya maziwa na karanga za kiganja kimoja zinatosha. Mchana, kikombe cha maharage pamoja na kipande cha samaki cha gramu 60. Asiyekula nyama aongeze kiasi cha kunde na soya, maana liusini ya vyakula vingi vya mimea ni chache. Meno yakisumbua, usiiache protini. Geukia mtindi, mayai, samaki laini au nyama ya kusaga.

Kosa jingine ni kujinyima chakula ili kupunguza kitambi huku mazoezi yakiendelea. Nishati ikipungua, mwili huchoma protini kama kuni, na uzito unaopungua huondoka na misuli. Wanga na mafuta kwa kiasi vibaki kwenye sahani.

Mazoezi ya nguvu yafanyike angalau siku mbili kwa wiki. Kaa kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, simama bila kujisukuma kwa mikono, kisha keti polepole kwa kuhesabu hadi tatu. Rudia mara 8 hadi 12, seti tatu. Mara mbili za mwisho zisipokuwa ngumu, shika chupa za maji mikononi. Kiti hicho hicho ni kipimo: kunja mikono kifuani, simama na kuketi mara tano. Ukizidisha sekunde 15, hiyo ni dalili ya nguvu kupungua, kamwone daktari.

Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuzungumza na daktari wake. Anayetumia metformin, dawa ya kisukari, au dawa za kupunguza asidi ya tumbo kwa muda mrefu aombe kupimwa vitamini B12. Upungufu wake huleta uchovu na ganzi miguuni, mambo ambayo watu huyaita uzee na kuyaacha hivyo.

Siku za kuogopa kuliko zote ni za ugonjwa. Siku kumi za kulala kitandani zinaweza kuiondolea miguu ya mzee mwenye afya karibu kilo nzima ya misuli, na hamu ya kula ndiyo kwanza hupotea. Mpe kidogo kidogo kila baada ya saa mbili: nusu glasi ya maziwa, yai moja, mtindi vijiko vichache. Daktari akiruhusu, asimame kutoka kitandani mara kadhaa kwa siku, hata kama ni kwa kushikiliwa.