Raba huchakaa hata ndani ya boksi

Watu wakiona raba zangu huniuliza naoshea sabuni gani, natumia brashi ya namna gani. Kwangu hilo ni jambo dogo. Kinachonishughulisha ni ule muda ambao kiatu hakiko mguuni, kwa sababu raba nyingi huharibikia hukohuko. Kaka yangu alikuwa na jozi aliyoitunza kama dhahabu, imefungiwa kabatini haijaguswa, ikisubiri shughuli kubwa. Shughuli ilipofika akaivaa, na kabla hajatoka mlangoni soli ilikuwa inamong'onyoka chenga chenga sakafuni. Juu ngozi ni mpya kabisa, chini hakuna kitu.

Yeye alimlaumu aliyemuuzia. Mimi nasema ni unyevu. Ile sehemu nene na laini iliyo kati ya ngozi ya juu na mpira wa chini ni sponji, na sponji hazifanani. Ya poliurethani, aina mojawapo ya plastiki, ni nzito kidogo, hudumu na umbo lake, lakini maji yaliyomo hewani huingia polepole na kukata minyororo ya molekuli zake. Wanakemia huliita jambo hili hidrolisisi. Halingoji uvae wala uchafue. Linaendelea gizani, ndani ya karatasi ya dukani. Ndiyo maana jozi za Air Jordan 4, raba za Nike za mpira wa kikapu, zilizotengenezwa mwaka 1989, ambazo sponji yake ni ya aina hiyo, leo ni za kutazamwa tu. Sponji ya EVA, plastiki ya aina nyingine, ni nyepesi zaidi na haisumbuliwi na unyevu kiasi hicho. Adui zake ni joto na kukandamizwa: hubonyea, ikapoteza ule mdundo wake.

Kwa hiyo ukiniuliza raba ihifadhiwe vipi, nitaanza na kuikausha. Boksi litafuata baadaye.

Nikirudi nyumbani sizitupii kabatini hapohapo. Nalegeza kamba hadi chini, navuta ulimi uje mbele, natoa ile soli ya ndani na kuisimamisha pembeni, halafu naacha kiatu mahali penye upepo na kivuli. Kama kimelowa, najaza karatasi nyeupe zisizo na maandishi na kuzibadilisha kila zikinywa maji. Gazeti hunywa maji vizuri, lakini wino wake huhamia kwenye kitambaa cheupe, na wino huo kuutoa ni kazi. Jua kali silitumii, hita wala kikausha nywele pia. Joto hulainisha gundi, na gundi ikishalegea, ncha ya mbele huanza kufunguka mdomo. Jozi niliyoivaa leo siivai kesho. Siku nzima ya mapumziko ni haki yake, maana jasho lililoingia ndani ya sponji na bitana halikauki kwa usiku mmoja tu.

Harufu nayo inatoka hapohapo. Jasho lenyewe halinuki sana. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ndio wanaolivunja na kuzalisha asidi, hasa ile ya isovaleriki, yenye harufu ya miguu tunayoijua sote. Ndiyo sababu soda ya kuokea inasaidia, kwa kuwa inazimua asidi. Mimi huitia ndani ya soksi safi, nafunga fundo, naiacha ndani ya kiatu usiku kucha. Siimwagi moja kwa moja, hasa kwenye ngozi, kwa sababu huikausha. Manukato ya kupuliza siyataki kabisa. Yanafunika harufu huku yakiongeza unyevu juu ya unyevu.

Sasa boksi. Lile la karatasi ngumu lililokuja na kiatu linafaa katika nyumba kavu. Katika nyumba yenye unyevu, karatasi hunyonya maji na kuyaweka karibu na kiatu, na baada ya muda unaona madoa ya ukungu. Raba ninazovaa mara kwa mara hukaa kwenye rafu ya wazi, mbali na dirisha na mbali na bafu. Zile za mara chache nimeziweka kwenye maboksi ya plastiki yenye kifuniko, pamoja na vijifuko vya silika, zile punje zinazonyonya unyevu. Lakini plastiki hufungia chochote ulichokiingiza: ukiweka kiatu chenye jasho, umekipikia ukungu. Na silika hujaa. Nanunua ile yenye punje za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishiba maji, ili nijue lini nizibadilishe. Kipimo kidogo cha unyevu kabatini kinasaidia pia. Nalenga asilimia 40 hadi 50. Pakikauka mno, ngozi nayo huanza kupasuka.

Maboksi ya plastiki angavu yanapendeza, nakubali. Ila mwanga, hasa wa jua, ukisaidiana na oksijeni, hugeuza soli nyeupe kuwa njano, na giza ndilo linalochelewesha hilo. Yangu hayapitishi mwanga. Nimebandika picha ya kila jozi kwa mbele, basi. Ndani kila kiatu kina karatasi kwenye vidole ili kisijikunje, na karatasi nyingine hutenganisha kushoto na kulia, maana swedi yenye rangi kali ikigusana na soli nyeupe kwa miezi huiachia doa. Sirundiki viatu juu ya viatu. Kisigino kikishalala hakisimami tena vilevile.

Zile za poliurethani nazitoa mara kwa mara hata kama sina pa kwenda nazo. Nazivaa ndani ya nyumba, nabonyeza sponji kwa kidole gumba, natazama pembeni. Ikianza kunata, au ikatoa nyufa nyembamba na vumbi kama chaki, siendi nayo mbali. Hapo huwa natafuta fundi viatu anayeweza kubandua sponji yote na kubandika nyingine mpya, na namtafuta mapema, kabla soli haijaachia na kuchana kitambaa cha juu.