Vidole vya mama na laini sita asizozijua

Simu ya mama ilitumbukia kwenye ndoo ya maji Jumamosi jioni, yeye akiwa Ilembo na mimi huku Mbeya mjini. Kitochi kilikaushwa kwenye jua kikawaka, lakini laini ikagoma kabisa kusoma. Lisingekuwa jambo kubwa, ila ndani ya laini ile kulikuwa na shilingi 214,000 za viazi, pesa aliyotumiwa na mnunuzi wiki hiyohiyo, na vibarua waliovuna walikuwa wanasubiri ujira wao. Akaazima simu ya jirani: "Mwanangu, nakuja Jumatatu unirudishie laini."

Jumatatu hiyo ilikuwa tarehe 13 Mei 2024. Wengi mtaikumbuka. Siku moja kabla, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na sisi Tanzania pamoja na majirani zetu tukabaki tunavuta mtandao kwa tabu. Kwenye steshenari yangu nilishinda nikirudisha wateja. Kwenye duka la huduma kwa wateja la mtandao wa mama nako jibu lilikuwa moja: "Mfumo unasumbua, njooni kesho." Mama alikaa kwenye benchi na kikapu chake mpaka wakafunga. Jumanne hali ikawa ileile. Jumatano mfumo ukafunguka.

Dada wa kaunta alikuwa mpole. Akamwamkia mama, akaomba namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Zile tarakimu 20, nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo mama huzitaja kwa kichwa. Zilizobaki namsomea mimi. Dada akaandika, akanyamaza, akaandika tena. Kisha akainama karibu na kioo akasema taratibu, "Mama, kitambulisho chako kimefungiwa. Kuna namba zimesajiliwa kwa jina lako na zimeripotiwa kwa utapeli."

Mama akaniangalia mimi, akamwangalia yule dada. "Mimi nimemtapeli nani?"

Watu kwenye foleni walisikia. Mama yangu ana miaka 63, ni mzee wa kanisa, na kijijini ndiye anayeshika daftari la kikundi cha kukopeshana kwa sababu hajawahi kupoteza hata shilingi mia ya mtu. Sijawahi kuona uso wake ukiwa vile, na sitaki kuuona tena.

Nilimwomba yule dada atuoneshe alichokiona. Akageuza skrini. Chini ya namba ya mama, ambayo aliisajili kwa alama za vidole Januari 2020, katika zile foleni za mwisho kabla ya tarehe 20 laini zisizosajiliwa zianze kuzimwa, kulikuwa na namba nyingine nne. Zote nne za siku moja, mwaka 2023. Zote za wakala mmoja, maana kila usajili unabaki na namba ya wakala aliyeufanya. Muda wake niliunakili kwenye kiganja: saa 5:12, 5:14, 5:15 na 5:19 asubuhi.

Tulipotoka nje nikamuuliza mama siku ile alikuwa wapi. Hakuhitaji kufikiri sana. Ilikuwa gulio, Mbalizi. Alitaka laini ya mtandao mwingine, kwa sababu dada yake anatumia huo na wangepigiana kwa bei nafuu. Kulikuwa na kijana chini ya mwavuli, ana simu kubwa na kimashine cha alama za vidole, anasajili mitandao yote. Mama akaweka dole gumba. Kijana akasema halijasoma, weka tena. Akaweka tena. Bado. Akambadilishia cha shahada, halijasoma, rudia. Akachukua kitambaa akampangusa vidole, akarudia. Mama anasema ilifika mara saba au nane.

"Nilimwomba radhi yule mtoto," mama akaniambia. "Nilimwambia unisamehe mwanangu, vidole vyangu vimeharibika kwa jembe."

Hapo ndipo nilipolia, pale pale nje ya duka.

Maana ni kweli vidole vyake havisomi kwa urahisi. Mshike mkono mama yangu utaelewa. Amelima viazi na kuchuma pareto katika baridi ya Umalila maisha yake yote. Dole gumba la kulia lina mipasuko miwili inayokutana katikati, imeingia udongo ambao hautoki hata kwa maji ya moto, na pale penye mistari pamelainika kama jiwe la mtoni. Hata mwaka 2020 alirudia mara kadhaa. Mtu wa ofisini, kidole chake kikisoma mara moja, akiambiwa arudie atashtuka. Mkulima hashtuki. Yeye amezoea kukataliwa na mashine, na akikataliwa anajilaumu mwenyewe. Yule kijana alilijua hilo. Kila alipomwambia "halijasoma", lilikuwa limesoma, na kwa kila kidole alikuwa anafungua laini ya kwenda kuuzia watu wanaotuma zile meseji za kitapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii".

Laini ya pili ya mama ilikuwa kwenye pochi, imefungwa kwenye leso. Nikaiweka kwenye simu yangu nikapiga *106#, ile namba ya kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwenye mtandao unaoupigia. Zikaja tatu. Yake moja, mbili hazijui. Pamoja na zile nne, jumla sita.

Nitaeleza nilivyofanya kwa sababu najua wako wengine.

Tulikwenda polisi siku hiyohiyo. Mama aliogopa, akataka tusiende, akihofia atawekwa ndani. Afande aliyetupokea alituuliza kama kitambulisho kiliwahi kupotea, tukasema hapana, akaandika maelezo yote, akatupa RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa tuliyotoa polisi. Akasema tumefanya vizuri kwenda wenyewe kabla ya kufuatwa, kwa sababu aliyeibiwa akiripoti, jina linalotokea kwenye muamala ni la mama. Kesho yake mama akarudi kijijini kwa mtendaji kuchukua barua ya utambulisho yenye muhuri. Mimi nikakaa kwenye kompyuta yangu kuandika barua kwa kampuni zote mbili.

Barua ile niliiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa ya hasira, na ya hasira haifanyiwi kazi. Ya mwisho ilisema jina, namba ya NIDA, namba anazozitambua mama, namba asizozitambua, tarehe, mahali na dakika zilizooneshwa kwenye mfumo. Nikaomba mambo matatu: zile namba zifungwe, kitambulisho kifunguliwe, na mama ajulishwe kwa maandishi hatua aliyochukuliwa wakala. Nikataja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inaweka alama za vidole kwenye kundi la taarifa nyeti. Nikaambatanisha RB na barua ya mtendaji, nikagonga nakala tatu, na ya kwangu nikaipigisha muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri usiuache. Bila huo, ukirudi wiki ijayo utaulizwa barua gani.

Kampuni ya pili ilifuta namba mbili siku hiyohiyo nikiwa nimesimama pale. Ya kwanza ilituzungusha. Kila nilipopiga 100, namba yao ya huduma kwa wateja, niliambiwa suala linashughulikiwa. Nikafungua daftari: tarehe, saa, jina la aliyepokea, alichosema. Wiki ya pili nilikwenda nikawasomea kutoka daftarini, mstari kwa mstari, bila kupaza sauti, na msimamizi akatoka ofisini akanichukulia karatasi zangu. Vibarua wa mama niliwalipa kwa pesa ya kununulia karatasi za dukani, maana mtu akishavuna umlipe.

Tarehe 28 Mei wakanipigia. Kitambulisho kimefunguliwa, mama aje na vidole.

Safari hii nilijiandaa. Usiku alipolala kwangu nililoweka mikono yake kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nikampaka mafuta mazito, asubuhi nikampangusa yakabaki kidogo. Dada wa kaunta, yuleyule, akaturuhusu kuona skrini kila mara. Dole gumba, halikusoma, na kweli tuliona ujumbe wa kukataa. Cha shahada, hakikusoma. Akajaribu cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kidogo kisichoshika jembe sana. Kikasoma mara moja. Mama akakiangalia kidole chake kama vile ndiyo kwanza anakiona. Laini ikarudi, na shilingi 214,000 zilikuwa zimo zote.

Hatua aliyochukuliwa wakala hatukuambiwa mpaka leo. Hili linaniuma na nitaendelea kuliandikia. Na kuna jambo jingine ninaloliomba kwa wanaotunga kanuni hizi. Mama alikuwa na laini hai, iliyosajiliwa kihalali, siku ile watu walipofungua nyingine nne kwa jina lake ndani ya dakika saba, kwenye kampuni ileile. Hakupata hata meseji moja. Akinunua bando la shilingi 500 anapata meseji. Akitoa 2,000 kwa wakala anapata meseji. Jina lake likifungiwa hakuna meseji. Ujumbe mfupi tu, "umesajili namba mpya, kama si wewe jibu hapa", ungemwamsha pale pale chini ya mwavuli. Tumelazimishwa kutoa vidole vyetu ili matapeli wajulikane. Basi mwenye kidole naye aoneshwe kinatumika wapi.

Jumapili iliyofuata nilimsindikiza mama Ilembo. Mtandao kule unashika vizuri kwenye kilima nyuma ya kanisa, penye mikaratusi, na baada ya ibada mama aliwaambia kina mama wenzake wapande naye. Akasimama mbele yao na kitochi chake akawaambia kilichompata, chote, hata lile neno utapeli. Kisha tukaanza. Mmoja mmoja ananipa simu, ninapiga *106#, ninasoma kwa sauti namba zinazotokea, mwenyewe anasema yangu au si yangu. Mama anaandika kwenye daftari la kikundi, ukurasa wa nyuma. Upepo ulikuwa mkali, mtandao unakatika, tunarudia.

Tulihakiki watu 23. Saba walikuta namba wasizozijua, na mzee mmoja aliyetufuata kutoka chini alikuta tano. Nimeshawaandikia barua zao, tunakwenda nao mjini Alhamisi. Nimewaambia waanze kuloweka vidole Jumatano usiku.